Bekari Ndogo, Mizani na Atakayeirithi

Hotuba kwa waokaji wadogo wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Ndugu waokaji wenzangu, kina mama na kina baba: kamwene kwenu mliotoka Iringa, Mafinga na Njombe, ugonile kwa wenyeji wetu wa Mbeya na Rungwe, poleni na safari mliotoka Tunduma na Songea. Wengi wenu mmeamka usiku wa manane, mmetoa mzigo wa asubuhi kwanza ndipo mkaja hapa, kwa hiyo naingia moja kwa moja kazini.

Mada niliyopewa ina mambo matatu: ubunifu, ushindani, na nani atashika bekari baada yetu. Kwa maoni yangu yote matatu yanaanzia mezani, pale mizani ilipo. Bekari inayopima unga kwa bakuli, hamira kwa kijiko na maji "mpaka uone yametosha" haijui mkate mmoja unaigharimu kiasi gani. Ikijaribu kitu kipya kikaharibika, haijui kimeharibiwa na nini. Na mwenye mikono inayopima hivyo akiugua, mkate unaugua naye. Vipimo vilivyoandikwa kwa gramu ndiyo mali ya kwanza ya mwokaji, kabla ya tanuri na kabla ya mashine ya kukandia.

Namna ya kuviandika ni ile wanayoitumia waokaji wengi duniani. Unga unahesabiwa kuwa 100, kila kitu kingine ni asilimia ya uzito wa unga. Mkate mweupe wa kopo tuliouzoea unakaa vizuri kwenye maji 60, sukari 8, mafuta 4, chumvi 1.8 na hamira kavu ile ya chembe ndogo 1. Kwa mfuko wa kilo 25 hiyo ni maji lita 15, sukari kilo 2, mafuta kilo 1, chumvi gramu 450 na hamira gramu 250. Jumlisha: kilo 43.7 za unga uliokandwa. Toa kama asilimia moja na nusu inayobaki kwenye mashine, mezani na mikononi, unabaki na kilo 43 hivi.

Sasa angalia faida inavyovuja. Mkate unapoteza takriban asilimia 12 ya uzito kwa mvuke tanurini na wakati wa kupoa. Ukitaka mkate wa gramu 400 mkononi mwa mteja, donge lazima liwe gramu 455. Kilo 43 kwa gramu 455 zinakupa mikate 94. Kijana anayekata kwa macho akizoea gramu 475, mnatoa mikate 90. Minne imepotea kwenye mfuko mmoja wa unga, na hakuna aliyeiba. Anayetumia mifuko sita kwa siku amegawa bure mikate 24, na mwisho wa mwezi analaumu bei ya unga. Akikata chini ya 455 hali ni mbaya zaidi, maana mkate ulioandikwa gramu 400 ukipimwa ukaonekana ni 380, hapo utaongea na Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo mizani ya kukatia iwe ya digitali, isomeke kwa gramu 5 au pungufu, na kila asubuhi ipimwe kwa kitu cha uzito unaojulikana kabla donge la kwanza halijakatwa.

Gharama ya mkate nayo inatoka kwenye ukurasa huohuo. Chukua bei ya kila kiambato kwa gramu, zidisha, gawa kwa 94. Ongeza kuni au umeme, mfuko wa kufungashia, mshahara wa siku, usafiri, kodi ya pango, na akiba ya kununua mashine nyingine hii ikichoka. Hilo la mwisho wengi huliacha. Mashine ya kukandia inazeeka kila siku inapozunguka, na usipoitoza kwenye mkate wa leo utaitoza kwa mkopo kesho. Ongeza pia mikate inayorudi kutoka dukani. Ukipeleka 100 ikirudi 8, gharama ya yote 100 inabebwa na 92.

Nizungumzie hali ya hewa yetu, kwa sababu hapa ndipo fomula zilizoletwa kutoka Dar es Salaam zinapotuaibisha. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000. Kwenye mita 1,700 shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko pwani, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Hewa nyepesi ina maana gesi ya hamira inatanuka zaidi, donge linapanda haraka kuliko nguvu ya unga wake, halafu linashuka tanurini. Mkate unatoka na mashimo makubwa juu, tabaka zito chini, na kichwa kilichokunjamana. Unyevu nao unakimbia haraka, ndiyo maana mkate wetu hukauka siku ya pili.

Upande wa pili kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba chumba kinaweza kuwa na nyuzi 14 alfajiri, donge linalala, mwokaji anaongeza hamira. Inafika saa nne, tanuri limepasha nyumba, donge lilelile lililojazwa hamira linakimbia na kuanguka. Lawama inaenda kwa hamira au kwa unga, wakati kosa ni la joto. Hamira isiguswe, rekebisha joto la maji.

Hesabu yake ni fupi. Unataka unga uliokandwa utoke mashineni ukiwa nyuzi 27. Zidisha 27 kwa 3, unapata 81. Toa joto la chumba, toa joto la unga, toa joto linaloletwa na msuguano wa mashine. Kinachobaki ndicho joto la maji. Asubuhi ya Julai, chumba 15, unga 14, msuguano 12: 81 toa 41, maji yawe nyuzi 40. Mchana wa Oktoba, chumba 25, unga 24, msuguano uleule: maji yawe nyuzi 20. Fomula ileile, hamira ileile, tofauti ya nyuzi 20 kwenye ndoo ya maji. Msuguano wa mashine yako unaupata mara moja tu: pima joto la donge likitoka, zidisha kwa 3, toa joto la chumba, la unga na la maji uliyotumia. Donge likiwa 26, chumba 20, unga 19, maji 27, jibu ni 12. Liandike ukutani kwa rangi. Hesabu ikikudai maji ya zaidi ya nyuzi 45, usiyatie, yanaweza kuiharibu hamira; ingiza mifuko ya unga karibu na tanuri jioni, kesho yake unga utakuwa na nyuzi 20 na maji yatashuka yenyewe.

Kwa mwinuko, ongeza maji kwa asilimia 2 au 3 juu ya fomula ya pwani kama unga unayabeba, na ingiza mkate tanurini mapema kidogo, donge likiwa limebakiza kama sentimita 2 kufika ukingo wa kopo. Na yule anayechoma kipimajoto katikati ya mkate akisubiri nyuzi 96 kama kitabu kilivyosema, atasubiri mpaka ganda liungue. Huku kwetu 91 au 92 mkate umeiva.

Baridi hiyohiyo ni mtaji ambao bekari ya pwani hulipia umeme kuupata. Jioni changanya kilo 8 kati ya zile 25 za unga na lita 8 za maji, weka hamira gramu 15 hadi 20 tu, funika, acha kwenye chumba cha nyuzi 12 hadi 14 kwa saa kumi na moja au kumi na mbili. Asubuhi chachu hiyo imejaa mapovu na katikati imeanza kudidimia kidogo. Ongeza kilo 17 za unga zilizobaki, maji lita 7, sukari, mafuta, chumvi yote, na hamira gramu 150. Umetumia hamira gramu 170 badala ya 250, mkate una harufu ambayo mkate wa haraka hauna, na unakaa laini siku moja zaidi. Ukiikuta asubuhi imeanguka kabisa na inanukia siki, hamira ilikuwa nyingi au chumba kilikuwa na joto; punguza gramu 5 usiku unaofuata. Ikiwa bado nzito kama ulivyoiacha, isogeze karibu na ukuta wa tanuri. Chumvi isiingie usiku.

Nikisema ubunifu namaanisha mambo ya namna hiyo: kubadili kitu kimoja, kukipima, kukiandika. Keki ya rangi tano ni nzuri kwa harusi, lakini haibebi bekari.

Bidhaa mpya tuangalie kinachoota mlangoni kwetu. Viazi mviringo vya Njombe, Makete na Mbeya Vijijini vinafanya mkate bora kabisa, maana wanga wake uliokwisha kuiva unashika maji na mkate unachelewa kukauka. Kwa unga kilo 10 weka viazi vilivyochemshwa na kupondwa kilo 2. Kumbuka kiazi karibu asilimia 80 ni maji, kwa hiyo umekwisha kumwaga lita moja na nusu bila kujua. Anza na maji lita 4.5 badala ya 6, ongeza kidogokidogo mashine ikizunguka. Viazi viwe vimepoa chini ya nyuzi 35. Vya zamani vilivyokaa ghalani vinafaa kuliko vipya, ambavyo vina maji mengi na kubadilikabadilika.

Hatari ya mkate wa viazi iko kwenye udongo. Udongo una mbegu za bakteria ambazo moto wa tanuri hauziui, na mkate ukikaa siku mbili kwenye joto ndani yake unalainika, unanukia kama nanasi lililoiva kupita kiasi, ukiuvunja unavuta nyuzi. Ukiona hivyo usiuze hata mmoja, na usirudishe mabaki ya mkate kwenye donge jipya. Dawa yake ni kuosha na kumenya viazi nje ya chumba cha unga, kuweka siki mililita 100 kwa kila kilo 10 za unga, kupoza mkate haraka, na meza, makopo na mashine kusuguliwa kwa maji ya siki. Kalsiamu propionati, ambayo ni kihifadhi cha mkate, gramu 2 hadi 3 kwa kilo ya unga nayo inazuia, ukibaki ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na ukaitaja kwenye lebo.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vimekwisha kuingia kwenye mikate ya biashara Kenya, Rwanda na Malawi. Vinaleta vitamini A, na rangi yake inajiuza yenyewe kwa wazazi wenye watoto wadogo. Sukari punguza, kwa sababu kiazi kina yake.

Kisha kuna ngano yenyewe. Nchi yetu inaagiza sehemu kubwa ya ngano kutoka nje, na bei ya unga wetu inapanda na kushuka kwa mambo ya bandarini na ya nchi za mbali. Lakini wakulima wa Makete, Mbeya na Rukwa wanalima ngano, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kiko hapa jirani. Sishauri mtu aoke mkate mzima wa ngano ya mashine ya kusaga ya mtaani. Pumba inakata nguvu ya unga, mkate unakuwa tofali. Changanya asilimia 30: kwenye kilo 25, kilo 7.5 ziwe za ngano ya kwetu isiyokobolewa. Ziloweke peke yake kwa lita 7 za maji kwa nusu saa hadi saa moja ili pumba ilainike, ndipo uchanganye na unga mweupe, na maji yote yafike lita 16. Kabla ya kununua gunia nyingi, ponda mkononi uangalie mchanga, kisha oka mkate mmoja wa majaribio. Ngano iliyonyeshewa shambani ikaanza kuchipua inatoa mkate wenye ndani inayonata kisuni hata ukiuoka saa nzima, na hakuna hamira itakayouokoa.

Wenye matanuri ya kuni wana nafasi nyingine. Tanuri la matofali likishapata moto linashuka polepole, na kila joto lina mkate wake. Kwenye nyuzi 220 ingiza skonzi. Likifika 200 hadi 210 mikate ya kopo. 170 hadi 180 keki. Usiku likiwa 90 hadi 100 kausha slesi za mkate wa jana, ule mkavu wa kuchovya kwenye chai. Moto uliokwisha kulipiwa umefanya kazi nne, na mkate uliorudi umekuwa bidhaa inayokaa wiki kadhaa kwenye mfuko mkavu. Kuni ziwe kavu kweli, za miwati au mkaratusi zilizopasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita. Msonobari mbichi wa mabaki ya mbao una utomvu, unatoa moshi mweusi na harufu inayoingia kwenye ganda.

Nizungumzie ushindani. Mkate mweupe wa slesi wa kiwanda kikubwa hatuushindi kwa bei, na anayejaribu anajichosha. Kiwanda kinanunua unga kwa lori na kukata kwa mashine. Lakini mkate wake unasafiri. Umeokwa jana mchana, umelala ghalani, umepanda gari. Wa kwako unaweza kumfikia mwenye duka la Mwanjelwa au Ipogolo saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umetoka tanurini saa tisa usiku. Hiyo saa ndiyo bidhaa yako. Iandike kwenye mfuko, muda wa kuoka pamoja na tarehe, na uitimize kila siku, hata mvua ikinyesha.

Ila usifungashe wa moto kwa haraka ya kuwahi. Mkate wa gramu 400 unahitaji saa moja na nusu hadi mbili kwenye rafu za waya mpaka katikati ishuke chini ya nyuzi 35. Ukiufunga kabla, mvuke unaganda ndani ya nailoni, na siku ya tatu kuna ukungu. Walioko Makambako wajihadhari na kinyume chake: upepo wa kule ukipita kwenye rafu unakausha ganda likapasuka, kwa hiyo funga madirisha ya upande wa upepo.

Ufaransa walikabiliwa na jambo hilihili. Mwaka 1993 serikali yao ilitoa amri inayoeleza mkate wa asili uwe na nini na usiwe na nini, na mwaka 1998 ikaja sheria kwamba kibao cha bekari aweke yule tu anayekanda, kuumua na kuoka palepale anapouzia. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini hakuna anayekuzuia kuandika "umekandwa na kuokwa hapa Uyole" kama ni kweli.

Usisahau pia unachoweka. Soma maandishi ya kila kopo la dawa ya kuboresha unga. Ukiona potasiamu bromati, irudishe dukani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na Uingereza waliipiga marufuku tangu 1990. Vitamini C, gramu moja kwa kilo 20 za unga, inatosha kuupa nguvu unga dhaifu.

Suala la mali kauli linaua bekari kuliko mshindani yeyote. Duka linachukua mikate 30, linalipa ikiisha, linarudisha iliyobaki. Weka daftari la kila duka kwa kila siku ya wiki: iliyopelekwa, iliyorudi, iliyolipwa. Baada ya wiki nne utaona duka fulani Jumatatu halivuki 18, peleka 18. Duka linalorudisha zaidi ya moja katika kumi kila siku lipunguziwe bila ugomvi. Na kabla ya duka kupewa mzigo mpya, deni la juzi liwe limelipwa. Shule za bweni, hospitali na kambi za watalii njia ya Ruaha ni wateja wazuri kwa sababu wanajua idadi yao mapema, lakini shule hulipa muhula ukiisha. Usichukue oda ya shule inayozidi unga unaoweza kuununua kwa fedha yako mwenyewe kwa miezi mitatu.

Wateja hao wote watakuuliza nembo ya TBS. Tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, si TFDA tena, ile iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Pitieni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo; wanajua utaratibu kwa wajasiriamali wadogo na watawaonyesha kasoro za jengo kabla mkaguzi hajaziona. Kasoro za kawaida nazijua: mlango wa chumba cha unga usio na wavu, choo kinachofunguka upande wa kazi, taa zisizo na kifuniko juu ya meza ya kukandia, na wafanyakazi wasio na cheti cha afya. Fomula iliyoandikwa inarahisisha na hili pia, kwa kuwa mkaguzi hupata mkate uleule kila akija.

Sasa urithi wa bekari. Hapa nitakaa zaidi, maana watu wetu hulikwepa wakidhani kulitaja ni kujitabiria kifo.

Kwanza tenganisheni kofia tatu ambazo leo zimevaliwa na kichwa kimoja: mwenye mali, msimamizi wa biashara, na mwokaji mkuu. Si lazima zirithiwe na mtu mmoja. Mtoto wako anaweza kuwa na hisa akiwa mwalimu Sumbawanga, binti wa dada yako akasimamia mauzo, na kijana uliyemfundisha miaka minane akawa mwokaji mkuu. Bekari nyingi hufungwa kwa sababu mtoto aliyelazimishwa kuvaa zote tatu hakuipenda hata moja.

Mwokaji haandaliwi kwa miezi mitatu. Ujerumani mwanafunzi wa uokaji anasoma miaka mitatu, siku nyingine kazini, siku nyingine shuleni. Hapa kwetu unaweza kupanga hivi: miezi sita ya kupima, usafi na kufungasha, mpaka mizani isimdanganye; mwaka mmoja wa kukanda, joto la maji na kuumua; mwaka wa tanuri, ambalo ndilo gumu; halafu mwaka wa fedha. Huu wa mwisho ndio tunaouficha. Tunamkabidhi mtu tanuri lakini hajawahi kuona ankara ya unga, hajui duka gani linadaiwa, hajui bei ya hamira. Siku ya kukabidhiwa anajua kuoka na hajui kuendesha. Mpelekeni kwa muuzaji wa unga, mwacheni apatane bei mbele yenu.

Na mlipeni. Mtoto wa nyumbani anayefanya kazi bekari alipwe mshahara ulioandikwa na asajiliwe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama mwingine. Mshahara ni malipo ya kazi, hisa ni haki ya mali. Mkichanganya hivyo viwili, siku mzee akifariki yule aliyefanya kazi miaka kumi bila mshahara atadai jengo, ndugu zake watadai sawa kwa sawa, na wote watakuwa na hoja.

Daftari la fomula liwe na ukurasa mmoja kwa kila bidhaa: asilimia, gramu kwa mfuko, joto la donge, dakika za kukanda kwa mwendo wa kwanza na wa pili, dalili za kuumuka, joto na dakika za tanuri, uzito wa donge na wa mkate uliopoa, na chini kabisa makosa yanayotokea mara kwa mara na tiba yake. Ukurasa mmoja uwe wa tanuri peke yake: kona ipi inaunguza, trei zigeuzwe dakika ya ngapi, matofali ya moto yalinunuliwa wapi, fundi aliyejenga ni nani, ufa ulizibwa kwa udongo gani. Nakala moja ikae nje ya bekari, na picha zake kwenye simu za watu wawili.

Kisha mjaribu. Mwenye bekari aondoke wiki mbili, aende hata Kyela, simu aache kwa mtu. Kila swali litakaloulizwa kwa simu hiyo liandikwe: ufunguo wa stoo, namba ya fundi umeme, duka gani linadaiwa. Maswali hayo ndiyo kurasa zilizokosekana kwenye daftari. Rudini mziandike, mjaribu tena baada ya miezi sita.

Upande wa karatasi, wengi wenu mmesajili jina la biashara BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara. Hilo ni jina tu. Kisheria biashara ni wewe mwenyewe. Leseni ni yako, TIN (namba ya mlipakodi) ni yako, akaunti ni yako. Ukifariki benki inasimamisha akaunti mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na hapo kuna kikao cha ukoo, cheti cha kifo, maombi mahakamani na muda wa tangazo. Wakati huo wote muuzaji wa unga anataka fedha taslimu na wafanyakazi wanataka mishahara. Kampuni, kinyume chake, inaendelea kuwepo mwenyewe akifariki. Zinazohama ni hisa. Kama bekari yako ina wafanyakazi zaidi ya watano na wateja wa mkataba, nenda ukaulize gharama za kuigeuza kampuni, pamoja na mahesabu na kodi zake za kila mwaka, ndipo uamue. Mkataba wa pango nao uwe wa kampuni, tanuri la matofali halihamishiki.

Andikeni wosia, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanahifadhi. Nasema hili hasa kwa ajili ya kina mama. Katika koo zetu nyingi huku, mke aliyeamka usiku miaka ishirini kuendesha bekari anaweza kukuta shemeji wamebeba mashine kabla arobaini haijafika. Jina lake likiwa kwenye hisa, kwenye mkataba wa pango na kwenye akaunti, hakuna kikao kitakachomhoji.

Pasipo mtoto anayetaka, muuzie mfanyakazi. Orodhesha vifaa kwa bei ya kuviuza leo, ongeza stoo ya unga na madeni ya mali kauli yanayoweza kweli kulipwa, toa unayodaiwa. Juu yake ongeza kiasi cha jina na wateja mtakachopatana kwa kuangalia faida halisi ya miaka mitatu, na hapo asiye na vitabu hatakuwa na la kuonyesha. Alipe sehemu mwanzoni, nyingine kwa miezi 36 au 48, kiwango ambacho faida ya bekari inakibeba hata mwezi mbaya wa Januari. Mkataba useme vifaa vinabaki dhamana hadi malipo yaishe, akichelewa miezi mingapi kinafuata nini, mzee atabaki kumsaidia miezi sita kwa malipo gani, na kwamba hatafungua bekari nyingine mtaa huohuo. Upelekwe kwa wakili, usainiwe mbele ya mashahidi, kila upande ubaki na nakala.

Mizani na kipimajoto viko kwenye meza ile ya mbele. Mwenye fomula yake ya bakuli na kijiko aje nayo sasa, tuipime na kuiandika kwa asilimia kabla ya chakula cha mchana.